Kusanifu njia ya samaki kandokando ya banio la mto

Banio linalokatiza mto ili kupeleka maji kwenye mfereji wa umwagiliaji linaweza kuwa na kimo cha mita mbili tu, lakini kimo hicho kinatosha kumzuia samaki aitwaye ningu, ambaye mvua zinapoanza hutoka Ziwa Victoria na kupanda mito kama Nzoia na Kagera ili akatage mayai kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko. Njia ya samaki isanifiwe pamoja na banio lenyewe, kwa kuwa mahali pake hutegemea ulipo ukuta, lango la mfereji na lango la kutolea mchanga.

Waulize kwanza wavuvi wa mto huo ni samaki gani hupanda, katika miezi gani na wakiwa na ukubwa gani. Kisha pima viwango vya maji vya miezi hiyo, juu na chini ya banio, kwa sababu tofauti ya viwango hivyo viwili ndiyo kimo ambacho njia italazimika kukigawanya.

Sehemu inayostahili fikra nyingi kuliko zote ni mlango wa chini. Samaki anayepanda hufuata mkondo hadi anapozuiwa, naye huhangaika hapo hapo chini ya ukuta. Mlango uliowekwa mita hamsini nyuma yake hatauona, hata kama njia yenyewe imejengwa kwa ustadi. Uweke karibu kabisa na ukuta, upande ambao mkondo mkuu huelekea, na maji yake yatoke kwa nguvu ya kutambulika katikati ya kelele za maporomoko. Katika Mto Yellowstone, Marekani, ambako mchepuko wa zaidi ya kilomita tatu ulifunguliwa mwaka 2022 kuzunguka bwawa la Intake kwa ajili ya samaki aina ya stajoni walio hatarini kutoweka, mahali pa mlango huo palikuwa miongoni mwa masuala makuu ya usanifu.

Ardhi ikiruhusu, napendelea mchepuko unaofanana na kijito cha asili, wenye mawe makubwa na sehemu tulivu za kupumzikia. Kwa mteremko wa 1 kwa 50, kimo cha mita mbili kitahitaji urefu wa mita 100. Ardhi ikiwa finyu, jenga ngazi ya vidimbwi, yaani vidimbwi vinavyofuatana kama vidato vya ngazi. Mshuko wa sentimita 20 kati ya kidimbwi na kidimbwi huzalisha kasi ya takribani mita 2 kwa sekunde, na wa sentimita 10 takribani mita 1.4; kwa samaki wadogo chagua huo wa pili, ingawa idadi ya vidimbwi itaongezeka maradufu. Ujazo wa kidimbwi nao uweze kutuliza maji: mita za ujazo 0.2 kwa sekunde zikishuka sentimita 10 hutoa takribani wati 196, hivyo ukikusudia wati 100 kwa kila mita ya ujazo, kidimbwi kiwe na mita za ujazo mbili hivi. Katika mito inayomwaga maji Bahari ya Hindi, ongeza ukanda wenye mawe yenye uso wa kukwaruza na unyevu wa kudumu, ambao mikunga wachanga wataupanda kwa kutambaa.

Mlango wa juu uwe mbali na lango la mfereji, la sivyo samaki aliyemaliza kupanda atavutwa hadi mashambani. Lango hilo liwekewe chujio lenye matundu madogo, kwa ajili ya makinda wanaoshuka.

Mwisho, kiasi cha maji ya njia kiandikwe ndani ya kanuni za kuendesha banio, na sakafu ya mlango wa juu iwe chini ya ile ya lango la mfereji, ili kiangazi kinapopunguza mto mfereji ndio utangulie kukauka. Wakulima washirikishwe katika uamuzi huo kabla ya ujenzi, kwani wao ndio watakaoshika funguo za malango. Baada ya kila mafuriko toa magogo na mchanga, na katika msimu wa samaki kupanda mto weka mtego wa kuhesabia samaki kwenye mlango wa juu. Wakionekana wengi chini ya ukuta na wachache mtegoni, rudi ukaurekebishe mlango wa chini.