Kufukua Mabaki ya Binadamu Nairobi: Soma Shimo Kabla ya Kusoma Mifupa

Anayechimba kaburi la siri hukata ardhi iliyotulia, kisha huurudisha udongo ukiwa umevurugika. Mpaka kati ya ardhi iliyotulia na udongo wa kujazia ndio ushahidi wa kwanza, na ndio wa kwanza kuharibika timu ikikimbilia mifupa. Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa akiolojia na maafisa wa eneo la tukio. Kama wewe ni fundi wa ujenzi na umekutana na mfupa kwenye msingi, kazi yako ni fupi: simamisha jembe, usiuoshe wala kuuhamisha, piga 999.

Hatua ya 1: Karatasi kwanza

Hakuna kufukua bila amri ya hakimu. Nakala iwe mkononi siku ya kazi, na mwanapatholojia (daktari anayechunguza maiti) ajue mapema. Chagua mtu mmoja tu wa kuandika vielelezo: namba, saa, aliyetoa, aliyepokea. Wakiwa wawili, namba zitagongana, na wakili wa utetezi ataanzia hapohapo.

Hatua ya 2: Soma uso wa ardhi

Tafuta bonde dogo lililodidimia, nyasi zisizolingana na jirani zake, na udongo wa chini uliokuja juu. Vipande vya murram (changarawe ngumu ya rangi nyekundu) vikionekana juu ya udongo mweusi wa Embakasi, kuna aliyechimba hadi kwenye tabaka la chini, iwe ni kwa kaburi, bomba la maji au shimo la nguzo. Mashine ya rada ya ardhini husaidia kwenye mchanga, lakini udongo wa mfinyanzi hufyonza mawimbi yake, hasa ukiwa na maji. Kabla ya kuikodi kwa bei ghali, tumia fito ya chuma yenye mshikio. Ishindilie taratibu kila baada ya sentimita 50, na ikigonga kitu iache. Usiilazimishe, maana hutoboa mfupa na kuacha jeraha la uongo.

Epuka mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba ikiwezekana. Isipowezekana, funga turubai na uchimbe mtaro wa kugeuza maji kabla ya kugusa kaburi.

Hatua ya 3: Tafuta ukingo

Kwangua sentimita 5 hadi 10 za juu kwa koleo bapa, kisha endelea kwa mwiko wa fundi, ukivuta udongo kuelekea kwako. Nyunyiza maji kidogo kwa bomba la kunyunyizia dawa, na tofauti ya rangi itajitokeza kwa dakika chache. Piga picha hapohapo, halafu chora ukingo na uuzungushie vigingi.

Kwenye udongo mwekundu wa Karen au Dagoretti, ukingo huonekana vizuri. Udongo mweusi ni shida. Wakati wa kiangazi hupasuka, udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa, mvua ikija hufura na kufunga, na baada ya misimu kadhaa ukingo umefifia. Hapo usitegemee rangi. Sikiliza mwiko: udongo wa kujazia ni mlegevu zaidi, na una mabonge ya murram yaliyochanganyika ovyo.

Hatua ya 4: Toa udongo wa kujazia, acha kuta

Weka alama moja ya kudumu nje ya shimo, na vipimo vyote vya kina vitoke hapo. Chimba ndani ya ukingo tu, sentimita 10 kwa kila awamu. Wapo wanaotoa nusu moja kwanza ili wachore matabaka ubavuni. Ni njia nzuri kama udongo unasimama, lakini kwenye mchanga mlegevu ubavu huo utawaangukia.

Kuta zina habari. Meno ya jembe au sururu hubaki kwenye udongo mwekundu kama alama ya kijiko kwenye ugali uliopoa. Pima upana wa alama, upige picha kwa mwanga wa pembeni, kisha uchukue nakala kwa plasta. Mtu akipanua shimo ili apate nafasi ya kupiga magoti, ushahidi huo umekwisha. Kama nafasi ni finyu, laza ubao juu ya shimo na ufanye kazi ukiwa juu yake.

Udongo wote upite kwenye chekeche: matundu ya milimita 6 kwa kawaida, milimita 3 kuzunguka kichwa, mikono na miguu. Mfinyanzi haupiti ukiwa mkavu, hivyo uloweke kwenye ndoo na uuchekeche kwa maji, baada ya kuondoa karatasi na vitambaa.

Hatua ya 5: Funua, andika, ndipo uinue

Karibu na mifupa badilisha vifaa: vijiti vya mianzi na brashi laini. Acha kila mfupa juu ya kitako cha udongo, na usivute kinachochungulia. Angalia viungo vinavyoachana mapema, kama vidole na shingo. Vikiwa bado vimepangika, mwili ulizikwa ukiwa na nyama yake. Mifupa mikubwa ikiwa imerundikwa na vidole havipo, huenda mabaki yalihamishwa kutoka kwingine.

Piga picha zenye kipimo na mshale wa kaskazini. Mkono wa kulia na wa kushoto uwekwe katika mifuko tofauti, na miguu vivyo hivyo. Tafuta mfupa mdogo wa chini ya taya, ambao hupotea kirahisi. Tumia mifuko ya karatasi. Plastiki hufunga unyevu na kuleta ukungu unaoharibu DNA. Chukua udongo wa sehemu ya tumbo kwa uchunguzi wa sumu, pamoja na sampuli ya kulinganisha kutoka nje ya kaburi.

Hatua ya 6: Shuka chini ya sakafu

Pitisha mashine ya kutambua metali, halafu chimba sentimita 10 hadi 20 zaidi, kwani risasi inaweza kuzama chini ya mwili. Kitu kilichopatikana ndani ya ufa kiandikwe hivyo, maana kingeweza kuanguka kutoka juu miaka baadaye.

Hatua ya 7: Tafsiri kwa tahadhari

Kwanza, je, ni mtu? Mifupa ya mbuzi na ng'ombe imejaa kwenye majalala ya jiji. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yana mkusanyiko wa mifupa ya wanyama wa kulinganishia. Mvunjiko wenye kingo nyeupe kuliko mfupa uliobaki ni wa karibuni, mara nyingi wa jembe lenu wenyewe. Wa zamani una rangi moja na mfupa.

Kwa umri, tazama meno na ncha za mifupa. Ncha ya mtulinga iliyo upande wa kifua ni miongoni mwa za mwisho kuungana na mfupa wake mtu anapokua, kwa kawaida kabla au karibu na miaka 30. Kwa tarehe, sarafu ni shahidi mzuri: sarafu mpya ya Kenya yenye mwaka 2018 ikiwa ndani kabisa ya udongo wa kujazia, shimo halikufukiwa kabla ya hapo. Sarafu ya 2005 haithibitishi kwamba lilifukiwa 2005, kwani ingeweza kukaa mfukoni miaka mingi.

Chanzo cha kifo mwachie mwanapatholojia. Ripoti yako iseme shimo lilichimbwa kwa kifaa gani, mwili uliwekwaje, na nini kilivurugwa baadaye.