Kufuata msimu wa futiboli wa MIAC, vyuo vidogo vya Minnesota: pa kuanzia

Kama kijana wako ama wa dadako ameingia chuo kidogo huko Minnesota na sasa anatuma picha amevaa helmeti na mabega makubwa kama kabati, na we hujui useme nini zaidi ya "hongera mwanangu", basi hii ni yako. Ni ya mzazi anayekaa Brooklyn Park, huko huko Minnesota, na anaweza kuendesha gari akafika uwanjani, na pia ni ya shangazi aliye Eldoret ama Mombasa ambaye anataka tu kuangalia kwa simu. Nitaongea juu ya ligi moja tu, MIAC, sababu ligi za hivi ni nyingi sana Marekani na ukijaribu kuzifuata zote utachoka kabla Oktoba haijafika.

Kwanza jua ligi yenyewe. Kirefu chake ni Minnesota Intercollegiate Athletic Conference, iko tangu 1920, na kwa futiboli ya Kimarekani kuna timu kumi: Augsburg, Bethel, Carleton, Concordia ya Moorhead, Gustavus Adolphus, Hamline, Macalester, Saint John's, St. Olaf na St. Scholastica. Zote ziko ndani ya jimbo hilo hilo moja. Na zote ni za Divisheni ya Tatu, ngazi ya chini kabisa kati ya tatu za michezo ya vyuo, maanake hakuna mtu analipiwa karo sababu anajua kucheza. Hili wazazi wengi wetu linawachanganya, unasikia mtu anatangaza kanisani kijana amepata skolashipu ya futiboli Divisheni ya Tatu, hapana, hiyo haiko, pesa aliyopewa ni ya masomo ama ya kuangalia uwezo wa familia, mpira anacheza kwa kupenda. Ukilielewa hilo utaelewa pia kwa nini Jumamosi inakuwa tamu hivo, maana karibu hakuna mtu pale anasubiri kuwa tajiri.

Kuna mmoja mmoja wanaofika mbali lakini. Ben Bartch alikuwa Saint John's na mwaka 2020 Jacksonville Jaguars wakamchukua raundi ya nne ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi ya kulipwa. Usimwekee kijana wako hiyo mzigo kichwani, mwache acheze.

Sasa ushauri wangu mkubwa, na hapa ndipo mashabiki wapya wengi wanapotea: usifuate timu yako peke yake, fuata ligi nzima. Najua unataka kuona namba ya jezi ya mtoto tu. Lakini msimu wa kawaida ni gemu kumi basi, kutoka mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Novemba, na kwenye gemu kumi kupoteza moja kunauma. Bingwa wa MIAC anaingia moja kwa moja kwenye pleiofu ya kitaifa, zile mechi za mtoano za kutafuta bingwa wa taifa. Wa pili anakaa tu anangoja kamati ya kitaifa inayochagua timu zingine imhurumie. Kwa hivo matokeo ya Bethel na Gustavus yanakuhusu hata kama kijana wako yuko Concordia, na ukijua hayo matokeo ndio utaanza kuelewa kwa nini amenuna kwa simu ilhali timu yake imeshinda.

Kwa hivo fanya hivi. Agosti, kabla msimu uanze, fungua ukurasa wa michezo wa chuo chake, tafuta ratiba, iandike yote kwa kalenda ya simu. Alafu ingia ratiba ya ligi nzima uweke alama kwa mechi tatu nne za timu kubwa. Saint John's lazima iwe kati yao, penda usipende. Gemu za kwanza kwanza zinakuwa na timu za nje ya ligi, na hizo usizidharau, maana kamati ya kitaifa ikija kulinganisha inaangalia ulicheza na nani. Jirani zao wa jimbo la Wisconsin ni wakali ajabu, chuo cha UW-Whitewater peke yake imebeba ubingwa wa taifa mara sita kati ya 2007 na 2014, kwa hivo timu ya Minnesota ikivuka mpaka ikapigwa huko sio lazima ni mbovu.

Kila Jumapili ama Jumatatu pita D3football.com uone orodha yao ya timu bora 25, inakuonyesha ligi yako inatazamwaje nchi nzima. Lakini orodha haichezi, usiiweke rohoni.

Historia kidogo pia inasaidia, bila hiyo utakuwa unacheka mahali watu wanalia. Saint John's iko Collegeville, chuo cha wamonaki Wabenedikto kati ya misitu na maziwa, na kocha wao John Gagliardi alikaa pale kutoka 1953 hadi 2012. Alimaliza na ushindi 489, hakuna kocha wa futiboli ya vyuo amewahi kufika hapo, divisheni yoyote ile. Na alikuwa na mambo yake: mazoezini hakuna kuangushana, hakuna filimbi, na wachezaji walimuita John tu, sio kocha. Kwa malezi yetu hiyo ni kukosa adabu kabisa lakini alibeba ubingwa wa taifa mara nne, ya mwisho 2003 walipoipiga Mount Union 24-6, timu ambayo ilikuwa imekaa gemu 55 bila kufungwa. Tuzo ya mchezaji bora wa Divisheni ya Tatu inaitwa jina lake, Gagliardi Trophy.

Alafu kuna kisa cha St. Thomas, hiki utakisikia kila mahali. Walikuwa memba wa tangu zamani, wa mji wa St. Paul, wakaendelea kukua na kukua hadi wakawa wakubwa kuliko wenzao, na mwaka 2017 wakaipiga St. Olaf 97 kwa 0. Tisini na saba! Mwaka huo huo gemu yao na Saint John's ilipelekwa Target Field, uwanja wa besiboli wa Minneapolis, wakaja watu 37,355, rekodi ya Divisheni ya Tatu. Lakini 2019 vyuo vingine vikakaa chini vikasema hapana, huyu atoke, na 2021 St. Thomas wakaruka moja kwa moja hadi Divisheni ya Kwanza. Hadi leo wazee wamegawanyika. Mi naona vyuo vidogo vilikuwa na haki, ukiwa na wanafunzi elfu mbili hivi huwezi kila mwaka kutoa vijana wako wakapigwe hivo, ila pia ni kweli Saint John's walibaki bila mpinzani wa kuwanyima usingizi na ligi ikapoteza Jumamosi yake kubwa. Ukiwa uwanjani na mzee wa kofia nyekundu ya Saint John's akianza hiyo stori, sikiza tu, usibishe.

Sheria sasa, haraka haraka. Kama umewahi kuangalia raga uko nusu njia. Ni 11 kwa 11, unapeleka mpira hadi mwisho wa uwanja wa wenzako. Tofauti ni kwamba timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusonga yadi kumi, kila nafasi ni dauni. Ukipata yadi kumi unaanza kuhesabu upya, ukikosa mpira unaenda upande wa pili, ndio maana dauni ya nne wengi wanaupiga teke mbali, sio uoga, ni hesabu. Tachidauni ni pointi 6, baadaye unapiga teke la 1 ama unajaribu tena kwa karibu upate 2, na teke la kupita kati ya vile vigingi ni 3. Robo nne za dakika 15 lakini saa inasimama simama, tenga masaa matatu. Mengine utayajua ukikaa karibu na mama yeyote mwenye mtoto wa mwaka wa nne, hao wanajua kuliko marefa.

Kwa walio nyumbani Afrika Mashariki: gemu nyingi zinaanza saa saba mchana ya Minnesota, hiyo ni saa tatu usiku Nairobi na Dar. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma, kutoka hapo inakuwa saa nne usiku, na kila mwaka kuna mtu anafungua simu saa tatu anakuta skrini nyeusi anaanza kulaumu bando. Strimu inapatikana kwa ukurasa wa chuo mwenyeji, sio chuo cha mtoto wako, hilo kumbuka. Zingine ni za bure zingine unalipa, angalia mapema sio dakika ya mwisho. Na kama bando ni kidogo achana na video, fungua takwimu za laivu, ni maandishi tu, kila mchezo unaandikwa nani alishika nani aliangusha, utafuata hadi mwisho kwa MB kidogo sana.

Jambo moja la mwaka wa kwanza. Timu hizi zinakuwa na wachezaji mia na zaidi, na uwanjani wanaingia 11. Kijana wako mwaka wa kwanza anaweza asionekane kabisa Jumamosi, na gemu za ugenini sio wote wanapanda basi. Kwa hivo kabla hujaendesha masaa matatu na nusu kutoka Minneapolis hadi Moorhead, muulize kwanza kama anasafiri. Kwa upole, maana ni swali linalouma. Alafu uliza kama kuna gemu za timu ya pili, zile za Jumapili ama Jumatatu, huko ndiko wadogo wanacheza, wazazi ni wachache, na utamuona vizuri kuliko siku yoyote ile.

Ukienda, anza na Collegeville hata kama si timu yako. Uwanja uko bondeni, miti imeuzunguka, na Oktoba ya mapema majani yamegeuka rangi utasahau kuangalia mpira. Gemu nyingine ya kutafuta ni Carleton na St. Olaf, vyuo viwili vya mji mmoja, Northfield, ambao waliwahi 1977 kucheza kwa uwanja uliopimwa kwa mita badala ya yadi, St. Olaf wakashinda 43-0 na habari ya mita ikaishia hapo. Na Hamline na Macalester, majirani wa St. Paul, wanagombania ndoo ya kupakia rangi, ndio kombe lao. Macalester ndio chuo alichosoma Kofi Annan, alimaliza 1961, na pia ndio timu iliyowahi kupoteza gemu 50 mfululizo kutoka 1974 hadi 1980. Mashabiki wao wana ucheshi mzuri sana, ilibidi.

Chakula: watu wanakuja mapema wanachoma soseji hapo parkingi, na hakuna atakayekushangaa ukileta chapati na thermosi ya chai, watakuomba. Pombe uliza kwanza, Bethel na St. Olaf ni vyuo visivyoruhusu kabisa. Nguo: Septemba utatoka jasho, Novemba usije na sweta ya kanisani. Vaa tabaka tabaka, soksi mbili, glavu, na blanketi la kukalia sio la kujifunika tu, baridi ya zile benchi za chuma inapanda kutoka chini.

Gemu ya mwisho ya msimu ikiisha katikati ya Novemba, kesho yake Jumapili wanatangaza nani ameingia pleiofu. Tangu 2024 ni timu 40, zamani zilikuwa 32, kwa hivo wa pili wa MIAC ana matumaini zaidi kidogo. Kama timu yako imo, angalia haraka inacheza nyumbani ama wapi na ununue tikiti siku hiyo hiyo. Kama haimo, usimpigie kijana simu Jumapili hiyo. Tuma tu meseji, mpigie Jumatano.