Mtoto wako anasoma sayansi Marekani? Mfikishe maabara mapema

Naishi Louisville, Kentucky, na kazi yangu ni kusimamia maabara ya kemia: kuagiza vifaa, kufundisha wanafunzi wapya kutumia mashine, kuhakikisha kila mtu anarudi nyumbani na macho yake mawili. Nilizaliwa Kasulu, Tanzania, si mbali na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa hiyo familia za Kikongo zilipoanza kuletwa kwa wingi mjini hapa, nilitambua Kiswahili cha Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenye foleni ya duka kabla mtu hajaniambia kwamba wamefika. Watoto wao kanisani wananiita Shangazi. Ninawasaidia wao, na pia vijana Weusi wa hapa hapa, wengi wa West End, upande wa magharibi wa mji, kufika kwenye masomo ya PhD (shahada ya uzamivu) ya sayansi. Ninayoandika hapa ndiyo ninayowaambia wakija kwangu Jumapili baada ya ibada.

Ongea kwanza na nyumbani

Mama mmoja aliniuliza, "Dada, huyu mtoto atasoma mpaka lini? Wenzake wameshanunua magari." Sikumlaumu. Yeye na mumewe wanafanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na mshahara wa kijana ungebeba nusu ya kodi ya nyumba. Alidhani PhD ni ada nyingine ya miaka sita itakayowaangukia wao.

Nilichukua karatasi nikamwandikia. Marekani, mwanafunzi wa PhD ya kemia, biolojia au fizikia kwa kawaida halipi ada. Chuo kinamlipia, kinampa bima ya afya, na kinampa posho ya kuishi kwa kazi ya kufundisha au kufanya utafiti. Posho hiyo mara nyingi iko kati ya dola 25,000 na 40,000 kwa mwaka, kutegemea mji na fani. Si utajiri, lakini mtoto anajitegemea. Na si lazima apitie shahada ya uzamili kwanza: anaweza kuingia PhD moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Hapo ndipo familia zetu nyingi hupotea. Mtoto anakopa maelfu ya dola kulipia uzamili, akiamini ndiyo ngazi inayofuata kama ilivyo kwetu, wakati mlango wa PhD ulikuwa wazi na wenye malipo.

Yule mama aliikunja karatasi akaiweka kwenye Biblia. Fanya mazungumzo haya mapema, na baba awepo.

Karatasi za uhamiaji zisisubiri

Programu nyingi za utafiti zinazolipwa na serikali kuu zinamtaka mwanafunzi awe raia au mkazi wa kudumu. Mkimbizi anatakiwa kuomba grini kadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, akishatimiza mwaka mmoja nchini. Familia nyingi huahirisha kwa sababu maisha yana mambo mengi, kisha kijana anafika mwaka wa pili chuoni, anapata programu nzuri, na fomu inamrudisha nyuma. Nimeshuhudia hilo mara tatu. Mwaka ukitimia, ombeni.

Maabara

Kama utakumbuka jambo moja tu, likumbuke hili. Kamati inayochagua wanafunzi wa PhD inauliza swali moja kabla ya mengine yote: je, huyu ameshawahi kufanya utafiti, na aliyemsimamia anasemaje? Alama nzuri bila maabara hazitoshi. Nimeona vijana wenye A tupu wakikataliwa kila mahali, na nimeona mwenye B za mwaka wa kwanza akichukuliwa vyuo vitatu kwa sababu alikaa maabara miaka miwili na profesa wake aliandika kurasa mbili kumhusu.

Watoto wa maprofesa na madaktari wanaambiwa hili wakiwa sekondari, wakati wa chakula cha jioni. Wetu hawaambiwi na mtu. Nilipokuwa nasoma PhD yangu, kwenye idara ile tulikuwa Weusi wawili. Mwenzangu, binti wa Mississippi, aliniambia alisikia neno "utafiti" likihusishwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza alipokuwa mwaka wa nne, tena kwa bahati, alipopita karibu na bango ukutani. Alikuwa na akili kuliko sisi wote pale. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kazi hii.

Kwa hiyo, muhula wa kwanza wa mwaka wa pili, si baadaye, mwanafunzi afanye hivi. Afungue ukurasa wa idara, asome wanachofanya maprofesa wote, achague watano. Ahudhurie saa zao za kuonana na wanafunzi. Hapa lazima niseme kuhusu adabu zetu. Tumewalea watoto wasimkazie macho mkubwa, wasimkatize, wasubiri kuulizwa. Profesa wa Kimarekani akikutana na kijana wa namna hiyo anadhani hana hamu. Simwambii kijana aache adabu. Namwambia hapa heshima inaonyeshwa kwa kuuliza swali. Tunafanya mazoezi sebuleni kwangu: mimi ni profesa, yeye anabisha hodi, anajitambulisha, ananitazama, anauliza. Tunarudia mpaka sauti isitetemeke.

Kabla ya kwenda, aandike barua pepe. Ataiandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio ni huu:

"Profesa, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kemia, nilikuwa kwenye darasa lako muhula uliopita. Nimesoma kuhusu kazi ya maabara yako juu ya klorini kwenye maji ya kunywa, na ningependa kuelewa kwa nini mnapima mabomba ya zamani na mapya kila aina peke yake. Nina saa nane kwa wiki, Jumanne na Alhamisi mchana. Naweza kuja kwa dakika 15 kuuliza kama kuna nafasi ya mwanafunzi?"

Sentensi nne. Hakuna historia ya maisha, hakuna kuomba huruma. Kuna jambo moja linaloonyesha amesoma kazi yao, na kuna saa zinazojulikana. Asipojibiwa ndani ya wiki, aandike tena. Maprofesa hupokea barua nyingi mno. Kutojibu si kukataa. Yule mwenye B niliyemtaja aliandikia kumi na mmoja, akajibiwa na wawili.

Kisha fedha. Kijana anayebeba mizigo ghalani usiku hawezi kujitolea bure maabara, na asifanywe aone aibu. Akijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa fedha za masomo, na kupewa fungu la kazi za chuoni, sehemu kubwa ya malipo yake maabara inatoka serikalini, na profesa anapunguziwa mzigo. Amwambie profesa hivyo waziwazi. Wengi wao hawajui kwamba mwanafunzi aliyesimama mbele yao hajalala.

Akianza, awe na daftari. Aandike tarehe, alichopima, kilichoharibika. Akivunja kitu aseme siku hiyo hiyo. Mimi kama msimamizi wa maabara nakwambia: simkumbuki aliyevunja bika, kile chombo cha kioo, namkumbuka aliyeificha.

Wale wanaoanzia chuo cha miaka miwili, kama wengi wetu, wana jambo la ziada. Muulize mshauri, kabla ya kujisajili, ni masomo gani yatapokewa kwenye shahada ya sayansi ya chuo mnachokusudia kuhamia. Msikubali kijana awekwe kwenye hesabu za chini kwa sababu ya Kiingereza chake. Kama alishafanya aljebra kambini, Nyarugusu au Kakuma, aombe kupimwa upya. Kila muhula unaopotea kabla ya kalkulasi unachelewesha fizikia, na fizikia inachelewesha kila kitu.

Kiangazi

Kuna programu zinazoitwa REU, zinazofadhiliwa na shirika la taifa la sayansi, NSF. Mwanafunzi anakwenda chuo kingine, kwa kawaida wiki kumi hivi, anafanya utafiti, analipwa posho, na mara nyingi malazi yanagharimiwa. Nyingi hufunga maombi kati ya Januari na Machi, kwa hiyo kijana anayeanza kutafuta kazi ya kiangazi mwezi wa tano ameshachelewa. Fungua orodha Novemba, omba nane au kumi.

Halafu kuna programu ya McNair, iliyopewa jina la Ronald McNair. Alizaliwa 1950 Lake City, South Carolina, enzi za ubaguzi wa sheria, akapata PhD ya fizikia chuo cha MIT mwaka 1976, akaenda anga za juu 1984, na akafariki chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka Januari 1986. Programu iko kwenye vyuo zaidi ya 150, na lengo lake ni hili hili: kuwafikisha kwenye PhD wanafunzi wa kipato cha chini ambao wazazi wao hawana shahada. Mtoto wa mkulima wa Fizi anaingia humo sawasawa. Uliza kama chuo chenu kinayo.

Tahadhari: tangu 2025 programu kadhaa za serikali zimekatiwa fedha au kubadilishwa, na baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2023, uliokataza vyuo kuchagua wanafunzi kwa kuangalia rangi yao, vyuo vingi vimebadilisha maneno ya matangazo yao. Usitafute neno "wachache" peke yake. Tafuta "wa kwanza katika familia kusoma chuo" na "kipato cha chini". Na kabla ya kuandika insha yoyote, piga simu uulize kama programu bado ipo.

Msimpeleke mtoto peke yake. Programu ya Meyerhoff ya chuo cha UMBC huko Maryland, iliyoanzishwa 1988 chini ya Freeman Hrabowski, imetoa wanasayansi wengi Weusi wenye PhD; Kizzmekia Corbett, aliyeshiriki kutengeneza chanjo ya Moderna ya korona, alipitia hapo. Sehemu kubwa ya siri yao ni kwamba wanafunzi wanaingia kwa kundi, wanasoma pamoja, na wanaulizana alama. Sisi hatuna fedha zile, lakini binti wa West End aliyelelewa na bibi yake na kijana wa Uvira wamekaa meza moja nyumbani kwangu wakifanya kemia ya kaboni muhula mzima. Mmoja akikosa, mwingine anampigia.

Maombi yenyewe

Fomu nyingi hufunga kati ya tarehe 1 na 15 Desemba ya mwaka wa nne. Barua tatu za walimu ziombwe mwanzoni mwa Oktoba. Na swali liwe hili: "Profesa, unanifahamu vya kutosha kuniandikia barua yenye nguvu?" Akisitasita, shukuru, tafuta mwingine. Anayekubali, mpe orodha ya ulichofanya maabara kwake, matokeo yako, rasimu ya insha, na tarehe zote kwenye ukurasa mmoja.

Ada ya maombi mara nyingi huwa dola 75 au zaidi kwa chuo. Vyuo vingi husamehe ada hiyo ukiomba, ila uombe kabla ya kubonyeza kutuma.

Insha ndiyo inayoniumiza kichwa. Vijana wetu wameambiwa tangu sekondari kwamba wanachouza ni mateso yao, kwa hiyo wanaandika kurasa mbili za kambi na mistari minne ya sayansi. Nageuza. Kambi ipate aya moja, na iwe na kazi. Kijana mmoja aliandika kwamba akiwa mtoto alichota maji yenye harufu ya klorini, na mama yake akasema harufu hiyo ndiyo inayozuia kipindupindu. Aya iliyofuata ikaingia maabara: klorini ikikutana na mabaki ya majani kwenye maji huzaa kemikali nyingine, na yeye alizipima kwa miaka miwili. Msomaji alielewa kwa nini ni yeye na kwa nini swali hilo.

Januari hadi Machi ni usaili. Idara nyingi za sayansi hugharimia safari, lakini baadhi hutaka ulipe kwanza urudishiwe baadaye. Mwanafunzi asiye na kadi ya benki yenye dola 600 ndani anaona haya, anatunga udhuru, haendi. Aandike tu: "Naomba idara inikatie tiketi moja kwa moja." Sijaona idara iliyokataa.

Asipopata mwaka huo, aombe kazi ya mwaka mmoja au miwili kwenye maabara, au programu ya daraja. Ile ya vyuo vya Fisk na Vanderbilt, huko Nashville, ilianza 2004: mwanafunzi anafanya uzamili Fisk huku akiandaliwa kuingia PhD Vanderbilt. Uzamili wa namna hiyo, wenye ufadhili, naukubali.

Akipata, ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua. Asikubali kwa furaha ya barua ya kwanza. Aulize posho ni kiasi gani, inalipwa miezi 9 au 12, na azungumze faragha na wanafunzi wa maabara anayoitaka: profesa akikasirika anafanyaje?

Agosti

Hili linasahaulika. Masomo yanaanza Agosti, lakini posho ya kwanza mara nyingi huingia mwishoni mwa Septemba. Katikati hapo kuna amana ya nyumba, kodi ya mwezi wa kwanza, godoro na basi. Kijana wetu mmoja alilala kwenye gari siku tisa, na hakumwambia mtu hadi Krismasi. Baada ya hapo jumuiya yetu, inayochangia harusi na misiba bila kuulizwa, ilikubali kumchangia kila anayekwenda PhD. Aliyefuata aliondoka na dola 1,900 kwenye bahasha, sufuria mbili, na namba ya simu ya familia ya Kikongo katika mji anakokwenda. Mpe katibu wa jumuiya taarifa mwezi wa tano, si wa nane, ili mchango upite Jumapili tatu.