Kufupisha mpunga wa Supa kwa EMS: kutoka chupa ya maabara hadi jaruba

Supa inapendwa kwa harufu yake, lakini anayeilima anaijua tabu yake. Ni ndefu, na ukiitia mbolea ya kutosha hulala kabla ya kukomaa. Mvua moja ya usiku yenye upepo, asubuhi unakuta jaruba zima limelazwa majini na punje zimeanza kuota zikiwa bado kwenye suke. Njia mojawapo ya kuifupisha bila kuipotezea harufu ni kubadili vinasaba vyake kwa kemikali, kisha kumtafuta mfupi katika maelfu ya miche. Naeleza hapa jinsi tunavyoifanya kazi hiyo kwa ethili methanisulfoneti, ambayo maabara zote huiita EMS.

Kabla ya yote: hii si kazi ya kufanyia nyumbani wala ghalani. EMS hubadili DNA ya mpunga, na yako pia. Inapenya ngozi, mvuke wake unavutwa, na inahesabiwa kati ya kemikali zinazoweza kuleta saratani. Kama huna maabara yenye kabati la kuvuta hewa chafu na mtu aliyefunzwa kulitumia, peleka mbegu zako kwenye taasisi inayofanya kazi hii, wazitibu wao. Hatua ya chupa ni ya siku mbili tu. Kazi kubwa ni ya shambani, na hiyo unaweza kuifanya wewe.

Hatua ya 1: Chagua sifa inayopatikana kwa kuharibu

Hapa ndipo miradi mingi inapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

EMS haijengi kitu. Inashika herufi G, moja ya herufi nne zinazoandika DNA, na seli inaponakili DNA hiyo, pale palipokuwa na G panaishia kuwa na A. Basi. Mara nyingi badiliko hilo halileti tofauti yoyote. Likileta, kwa kawaida jeni fulani linadhoofika au linazimika. Kwa hiyo swali la kwanza si "nataka mpunga wenye mavuno mengi". Mavuno yanatokana na jeni nyingi mno, huwezi kuyapiga kwa risasi moja. Swali ni: kuna jeni gani ambalo likizimika, mkulima anafaidika?

Yapo mengi. Ufupi wa IR8, mpunga uliotolewa na kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga, IRRI, cha Ufilipino mwaka 1966, unatokana na jeni la urefu lililoharibika, liitwalo sd1. Marekani walipata ufupi wa jeni hilohilo kwa mionzi, wakatoa Calrose 76 huko California. Hata harufu ya mpunga mwingi wa kunukia duniani inatokana na jeni lililoharibika, BADH2: likifanya kazi sawasawa, harufu haipo. Na ugonjwa wa kimyanga, wa virusi vinavyougeuza mpunga kuwa wa njano, ambao kisayansi uliripotiwa kwanza nchini Kenya mwaka 1966, una mpunga unaoukinza vizuri, Gigante wa Msumbiji. Ukinzani wake unatokana na badiliko dogo kwenye jeni moja, herufi G iliyogeuka A. Badiliko hilo lilijitokeza lenyewe shambani, lakini ni la aina ileile inayofanywa na EMS.

Kwetu sifa ni urefu. Tukipata Supa fupi, itastahimili mbolea, haitalala, na mavuno yatapanda kwa njia hiyo. Andika sifa yako katika sentensi moja na uibandike ukutani.

Hatua ya 2: Mbegu safi

Anza na mbegu iliyotoka kwenye mmea mmoja, uliozalishwa msimu mmoja au miwili mahali pa peke yake. Usinunue gulioni. Kuna mwaka nilifurahi sana kuona mche mfupi, mzuri, wenye machipukizi mengi, katikati ya mistari yetu. Niliutunza misimu miwili. Kumbe ilikuwa punje ya SARO, aina nyingine ya mpunga iliyo fupi, iliyobaki kwenye turubai tulilokaushia mbegu. Misimu miwili ilikwenda hivyo. Tangu hapo kila turubai na kila gunia langu hukung'utwa na kugeuzwa nje ndani kabla mbegu ya kazi hii haijagusa.

Unahitaji punje kama 5,000. Kwa Supa ni gramu 140 hivi. Chagua zilizojaa, zenye unyevu wa asilimia 12 hadi 14, na hakikisha zaidi ya 90 katika kila 100 zinaota.

Hatua ya 3: Tafuta kipimo chako

Usinakili kipimo cha mtu mwingine. Kila aina ya mpunga ina ustahimilivu wake. Chukua punje 100 kwa kila kiwango: sifuri, asilimia 0.2, 0.4, 0.6, 0.8, 1.0 na 1.2 ya EMS, na urudie mara tatu. Hesabu zilizoota siku ya saba, pima urefu wa miche siku ya 14. Unachotafuta ni kiwango kinachopunguza urefu kwa asilimia 30 hadi 50 ukilinganisha na zisizotibiwa. Chini ya hapo mabadiliko ni machache; juu yake utapata shamba la miche tasa.

Ukweli ambao maelezo mengi huuruka ni kwamba kipimo si asilimia peke yake. Ni asilimia, muda na joto, vyote vitatu. Ndani ya maji ya nyuzi 20, EMS hupungua nusu kwa karibu siku nne. Kwa nyuzi 30 hupungua nusu kwa saa 26 tu, maana yake mmenyuko unakwenda kasi zaidi ya mara tatu. Tulifanya jaribio letu chumba kikiwa nyuzi 22. Siku ya kazi yenyewe umeme ukakatika usiku, kiyoyozi kikazima, chumba kikapanda hadi 31. Kiwango kilekile, saa zilezile, na karibu mbegu zote zikafa. Sasa kipimajoto kinakaa pembeni ya chupa, na tunaanza asubuhi ili tumalize jioni watu wakiwa macho.

Hatua ya 4: Siku ya kutibu

Loweka mbegu kwenye maji safi saa 12 hadi 16. Kiini kinaamka, seli zinajiandaa kugawanyika, na kemikali inaingia kwa usawa. Zichuje.

Kazi yote ya EMS inafanyika ndani ya kabati la kuvuta hewa. Vaa koti la maabara, miwani ya kukinga, na glavu za naitraili jozi mbili. Glavu za mpira wa kawaida hazizuii EMS. Za juu zibadilishe mara kwa mara, na papo hapo zikidondokewa. Kabla hujafungua chupa, ndoo ya sodiamu thayosulfeti ya asilimia 10 iwe tayari karibu na mkono. Hiyo ndiyo inayoua makali ya EMS.

Tumia bafa ya fosfeti yenye pH 7, yaani maji yenye chumvi zinazozuia asidi kupanda, badala ya maji matupu, kwa sababu EMS ikivunjika hutoa asidi, na asidi hiyo huunguza kiini bila kuleta badiliko lolote la maana. Kwa gramu 140 za mbegu, lita 1.4 zinatosha. Kama kipimo chako ni asilimia 0.8, ni mililita 11.2 za EMS. Itoe kwenye chupa mpya. Iliyofunguliwa mwaka jana imeshanyonya unyevu, na hujui nguvu iliyobaki.

EMS ni nzito kuliko maji. Ukiimimina utaiona inashuka chini kama matone ya mafuta. Funga chupa, tikisa mpaka matone yote yapotee, ndipo utie mbegu. Ukizitia mapema, za chini zitaungua na za juu zitabaki kama zilivyokuwa. Ziache saa 8, zikitikiswa taratibu muda wote.

Muda ukiisha, mimina EMS yote kwenye ndoo ya thayosulfeti. Suuza mbegu kwa thayosulfeti hafifu mara mbili, dakika 15 kila mara, halafu kwa maji mara kumi. Maji ya kwanza ya kusuuzia yaingie ndoo ileile, yasiende kwenye sinki. Malizia kwa maji yanayotiririka saa nne. Pipeti, glavu, bika, kila kilichogusa EMS kilale kwenye thayosulfeti hadi kesho yake. Humo EMS hupungua nusu kila saa moja na nusu hivi, kwa hiyo saa 24 zinatosha kuimaliza.

Sodiamu azaidi, kemikali nyingine ya kubadili vinasaba, nayo hutumika, hasa kwa shayiri, na ni bei nafuu. Kwa anayeanza siishauri. Inafanya kazi kwenye pH 3, na kwenye asidi hiyo hutoa gesi ya sumu kali. Ukiimwaga kwenye bomba la shaba au risasi inaweza kutengeneza kitu kinacholipuka.

Hatua ya 5: Kizazi cha kwanza, M1

Panda siku hiyohiyo, bila kukausha, na anayepanda avae glavu. Kitalu kitakutisha: miche inachelewa, majani yana mabaka, mingi inakufa. Ndivyo inavyotakiwa. Pandikiza mche mmoja kwa shimo, sentimita 20 kwa 20.

Usichague chochote katika M1. Mche mfupi hapa mara nyingi ni mche uliougua tu. Kila jeni lina nakala mbili, na mabadiliko mengi hujificha nyuma ya ile nakala iliyobaki nzima, na kila mche ni mchanganyiko wa seli zilizobadilika kila moja kivyake. Kazi yako hapa ni kulinda: funika suke kuu la kila mche kwa mfuko wa karatasi kabla halijachanua, maana mche wenye chavua dhaifu hupokea chavua ya jirani. Vuna suke hilo moja kwa kila mche, kila suke na bahasha yake na namba yake. Usichanganye masuke.

Hatua ya 6: Kizazi cha pili, M2, shamba la kutafuta

Hapa ndipo pa kutumia nguvu zako na fedha zako.

Hesabu iko hivi. Badiliko lililojificha hujitokeza kwa mche mmoja kati ya minne. Ukipanda miche mitano tu kwa suke, una karibu nafasi moja kati ya nne ya kulikosa hata kama limo. Ukipanda 15, nafasi ya kulikosa ni kama moja katika mia. Basi masuke 2,000 mara miche 15 ni miche 30,000, na kwa nafasi ya 20 kwa 20 ni mita za mraba 1,200. Hazifiki hata theluthi ya eka. Kinachohitajika ni watu wa kupita kila mstari na daftari, tena na tena.

Wiki ya kwanza ya kitalu, chuchumaa uangalie rangi. Utaona katika baadhi ya mistari miche myeupe pe, kama karatasi, imesimama katikati ya ndugu zake wa kijani. Itakufa chakula cha punje kikiisha, lakini ihesabu kwanza. Kama katika mistari yote hujaona mche mweupe hata mmoja, EMS haikufanya kazi, na ni bora kurudi hatua ya tatu kuliko kupoteza msimu.

Kisha pita wakati wa kuchanua, na tena wakati wa kukomaa. Mfupi unaoutaka umefupishwa shina peke yake: suke lake limejaa, majani ni ya kawaida. Mbilikimo wenye suke dogo uache. Na papo hapo pima harufu. Kata jani vipande vidogo, tia kwenye kichupa chenye potasiamu haidroksaidi ya asilimia 1.7, funika dakika kumi, fungua unuse. Supa itanukia Supa.

Sifa nyingine huruhusu njia ya haraka zaidi. Huko Louisiana, mpunga unaostahimili dawa ya magugu ulipatikana kwa EMS miaka ya 1990: walipiga dawa shamba zima, na kilichobaki hai ndicho walichokitaka. Ukiweza kubuni jaribio linaloua kila kitu isipokuwa mche wako, fanya hivyo.

Hatua ya 7: Thibitisha, kisha safisha

Katika kizazi cha tatu, M3, panda mstari mzima kutoka kila mche uliochaguliwa. Wote wakiwa wafupi, umepata. Wakichanganyika, endelea kuchagua.

Lakini usikimbilie kwa mkulima. Katika mpunga uliotibiwa na EMS limewahi kupimwa badiliko moja kwa kila herufi laki tatu hivi, na DNA ya mpunga ina herufi karibu milioni 390. Mche wako mfupi unaweza kubeba mabadiliko zaidi ya elfu moja usiyoyajua. Uzalishe na Supa ya asili. Kizazi cha kwanza kitakuwa kirefu. Katika cha pili robo watakuwa wafupi, na ukiipata robo hiyo umejua kwamba ni jeni moja. Rudia mara mbili au tatu, kila mara nusu hivi ya yale mengine inaondoka. Anayeruka hatua hii atapata Supa fupi yenye punje zisizokomaa pamoja, au inayokatika wakati wa kukoboa, na atailaumu njia nzima.

Hatua ya 8: Majaribio

Panda mistari yako bora pamoja na Supa ya asili na SARO, sehemu tatu zenye udongo tofauti, kwa viwango viwili vya mbolea. Tofauti itaonekana kwenye mbolea nyingi, pale mzazi wake anapolala. Pika wali, uwape wanaoula kila siku bila kuwaambia upi ni upi. Ukiridhika, mbegu inakwenda kwa taasisi inayothibitisha mbegu, Tanzania ni TOSCI na Kenya ni KEPHIS, kwa majaribio ya utofauti, ufanano na uthabiti, na ya mavuno katika mikoa mbalimbali.

Wakulima wataniuliza, na watakuuliza wewe pia: wali huu una ile sumu? Waeleze kwa utulivu kwamba kemikali iliigusa mbegu ya kwanza tu, ikasuuzwa na kuvunjika. Punje wanayoila ni ya vizazi vingi baadaye, na hakuna jeni la kiumbe kingine lililoingizwa.

Mbegu zilizobaki za M2 zikaushe, uzifunge kwenye mifuko isiyopitisha hewa, uziweke kwenye baridi na namba zake. Msimu ujao mtu atakuja na shida ya kimyanga, na masuke 2,000 ya kuanzia atayakuta hapo.