Kuongoza somo la Danieli 4 kwenye jumuiya

Mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza jumuiya niliwapelekea Danieli 4 wiki mbili kabla ya uchaguzi. Ni ile sura ya Biblia ambamo Nebukadreza, mfalme wa Babeli, anaonywa kwa ndoto, anajisifu, anapoteza fahamu na kiti chake na kula majani kama ng'ombe, mpaka akiri kwamba Aliye juu ndiye anayetawala. Nilijiona nimelenga. Nusu saa haijaisha, baba mmoja ameshampata Nebukadreza ndani ya chama cha jirani yake, na jirani naye akamjibu. Chai ilipoa vikombeni. Tangu siku ile nimebadili namna, na wewe uliyepangiwa somo hili, jaribu hivi.

Lisomwe lote kwa sauti. Ni mistari 37 tu. Msigawane mstari mmoja mmoja kama tulivyozoea. Maneno ya mfalme mpe mtu mmoja mwenye sauti nzito, kwa sababu sura hii ni tangazo la mfalme mwenyewe, anaanza kwa "mimi". Toka mstari wa 19 anasimuliwa na mtu mwingine. Ile "mimi" ya msimulizi inarudi mstari wa 34, pale anapoinua macho mbinguni na fahamu zake zinamrudia. Nyamaza kidogo hapo, waisikie ikirudi.

Kisha kaeni juu ya paa. Miezi 12 baada ya kuonywa, mfalme anatembea juu ya jumba lake na kujisifu kwa mji alioujenga. Waeleze kwamba mji huo, Babeli, upo, magofu yake yako Iraki karibu na Hilla, na yamefukuliwa huko matofali mengi yaliyopigwa jina la Nebukadreza. Miaka ya 1980 Saddam Hussein, aliyekuwa rais wa Iraki, alijenga kuta mpya juu ya magofu yaleyale, na kwenye baadhi ya matofali akaandikisha jina lake. Desemba 2003 alitolewa shimoni karibu na Tikrit, nywele na ndevu zimemtimka. Mfano huu naupenda, maana hakuna mtu chumbani aliyempigia kura.

Ila papo hapo nawazuia. Habari ya Nebukadreza tumefunuliwa maana yake. Ya Saddam hatukufunuliwa. Mtawala akianguka leo, tusijifanye tumesoma barua ya mbinguni. Tena Nebukadreza alirudishiwa kiti chake. Watu wakishafika kwenye kula majani kama ng'ombe, hilo huwa hawalikumbuki.

Ukiona macho yote yanaelekea Ikulu, uliza: wewe paa lako liko wapi? Kwetu mama mmoja alicheka akasema lake ni sanduku la kikoba, funguo anazo yeye. Baada ya hapo hakuna aliyetaja chama.

Mahali pa kukaa muda mrefu kuliko pote ni mstari wa 19 hadi wa 27. Huyu ndiye mfalme ambaye jeshi lake liliteketeza Yerusalemu na hekalu. Danieli ni mateka wake. Anaielewa ndoto, na badala ya kufurahi anashikwa na bumbuwazi, anatamani iwapate adui za mfalme. Mimi ningefurahi, nawaambia ukweli. Halafu hamfichi: acha dhambi, tenda haki, wahurumie maskini. Kwa hiyo anayesema "Aliye juu anatawala, basi tukae kimya" hajamsoma Danieli. Anayetaka kumtukana mkubwa naye hajamsoma.

Lazima atatokea mtu na Warumi 13, ile ya kuwatii wenye mamlaka. Mwache aisome, ukumbushe kwamba Paulo aliandika hayo Nero akiwa Kaisari, kisha mwingine asome Matendo 5:29, kwamba imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Dakika kumi zinatosha. Hamtaumaliza mjadala huo usiku mmoja.

Sala usiiache wazi, itageuka hotuba. Andika vyeo kwenye vikaratasi: balozi, mwenyekiti wa mtaa, diwani, mbunge, rais, na mwajiri pia. Kila mmoja achukue kimoja bila kuchagua, aombe mambo mawili tu yaliyomo katika ule mstari wa 27, haki na huruma kwa maskini. Kuomba mtu aanguke hakuruhusiwi mezani kwangu.

Mara ya mwisho kikaratasi cha mwenyekiti wa mtaa kilimwangukia mama mmoja ambaye hajamsalimia mwenyekiti huyo tangu kesi ya mpaka wa kiwanja. Alikishika, akakikunja, akakikunjua. Hatukumharakisha. Maji ya chai yalichemka, mtu akaenda kuzima jiko akarudi, bado tunamsubiri.