Kabla hujawapakia watoto kwenye gari: safari ya siku moja kutoka Dodoma

Chagua sehemu moja. Si mbili, wala si "tukiwahi tutapitia na kule". Michoro ya kale ya miambani ya Kolo iko kama kilomita 180 kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Babati. Bwawa la Mtera liko zaidi ya kilomita 100 kusini, njia ya Iringa. Bwawa la Hombolo na mashamba ya zabibu ni karibu, lakini hata huko watoto wakishuka hawataki kupanda tena. Familia inayotaka kuona vyote kwa siku moja hurudi na watoto waliochoka, waliotapika, na ambao hawakumbuki walichokwenda kukiona.

Na anayechagua si wewe, ni mtoto mdogo kuliko wote. Kama una wa miaka miwili, Kolo iache kwanza. Njia ya kupanda hadi kwenye miamba ni mlima hasa, wenye mawe yanayoteleza, na utamaliza safari umembeba mgongoni huku wakubwa wakikuacha nyuma. Kuanzia miaka sita au saba hivi, mpeleke bila wasiwasi.

Kwa wenye watoto wa umri huo, hakuna darasa linaloipita Kolo. Michoro ile iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na Mary Leakey na mumewe Louis, watafiti wa mambo ya kale, walikuja kuinakili tangu mwaka 1951. Lakini usianze na miaka, mtoto hatakusikiliza. Mwambie atafute twiga. Kisha mwambie aangalie rangi: ile nyekundu ni ya wawindaji na waokota matunda, ile nyeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji. Muulize ipi imechorwa juu ya nyingine. Mtoto wa darasa la tatu akisogea na kugundua mwenyewe kwamba nyeupe imekaa juu ya nyekundu, ameshaelewa namna wataalamu wanavyojua nani alitangulia. Hilo halisahau.

Pitia ofisini pale Kolo kwanza, ulipe, upewe mwongozaji. Usijifanye mwenyeji ukapanda peke yako. Waambie watoto mapema, wakiwa bado nyumbani, kwamba ukuta haushikwi na haumwagiwi maji. Wapo watu wazima waliokuwa wakimwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na kila tone linaondoka na kitu. Waambie pia kwamba pale si makumbusho matupu. Wenyeji bado hufanya matambiko kwenye baadhi ya miamba ile, kuomba mvua na uponyaji. Wakikuta kitu kimeachwa pangoni, wakiache kilivyo. Wasirushe mawe kwenye nyufa, kwa sababu nyuki wanapenda nyufa hizo hizo.

Mabwawa. Hapa sina mjadala: watoto hawaingii majini. Mtera ina mamba na viboko, na wavuvi wa pale watakueleza wenyewe. Kwa bwawa lolote lililotulia lenye majani pembeni, hata kama halina mamba, kuna hatari ya kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi bila mtoto kusikia chochote. Wiki kadhaa baadaye anakojoa damu na wewe unashangaa ametoa wapi. Kuchezesha miguu tu ukingoni kunatosha kumwambukiza. Nunua perege, kaeni kivulini, mle, watazameni ndege, mwondoke.

Zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka hapa Dodoma, kwa hiyo uliza kwanza kama mashamba yana matunda, usije ukawapeleka kutazama nguzo na waya. Ukifika, kabla mtoto hajachuma hata punje moja, muulize mwenye shamba lini alipiga dawa. Mzabibu hupigwa dawa ya ukungu mara kwa mara. Ziosheni, au subirini mkaoshe nyumbani.

Treni ya SGR, yaani ya reli ya kisasa, iliyozinduliwa rasmi tarehe 1 Agosti 2024, ni safari nzuri ya kwenda Morogoro na kurudi. Kata tiketi za kwenda na kurudi kwa pamoja, fika stesheni mapema, na kama mtoto wako ana mwili mkubwa kuliko umri wake, beba nakala ya cheti cha kuzaliwa ili usibishane na mtu kuhusu nauli ya mtoto. Kisu cha kukatia matunda kibaki nyumbani, begi linapita kwenye mashine.

Kofia, kila mtoto. Maji, lita moja na nusu kwa kila kichwa, na usiyahesabu maji ya kunawa humo. Chakula kisichochacha: viazi vya kuchemsha, mayai, chapati kavu, karanga. Pilau ya jana iliyofungiwa kwenye hotipoti hadi saa nane mchana kwa jua la Dodoma ni ugonjwa. Sweta, ndiyo, hata kama asubuhi kuna joto. Upepo wa jioni wa huku unauma, Juni na Julai ndiyo usiseme. Karatasi za chooni na sabuni. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele.

Sasa nisikilize kwenye hili, maana kila mwaka naona watu wakilifanya. Mkienda na magari mawili, mtoto na begi lake wasitengane. Asubuhi ukishampangia mtoto gari, ndilo hilo hilo hadi jioni.

Tulikwenda mwezi wa Machi upande wa Chamwino, njia ya ndani ya vumbi, kwa ndugu zetu wenye mifugo na shamba la uwele. Watoto walikamua ng'ombe, wakafukuza ndege shambani, wakajifunza kuamkia wazee kwa "mbukwa", siku ikawa nzuri. Wakati wa kurudi tulisimama kwenye kibanda kununua karanga, na watoto, kama kawaida yao, wakabadilishana magari. Mtoto wa kaka yangu akahamia kwenye Noah niliyokuwemo mimi, kwa sababu binamu zake walikuwa humo wakiimba. Mtoto huyo ana selimundu, yaani sikoseli. Begi lake, lenye maji yake, dawa zake za maumivu na sweta, likabaki kwenye gari dogo la wazazi wake.

Noah ikavuka korongo. Lilikuwa kavu kabisa, mchanga mtupu, kuna mbuzi wamelala ndani yake. Gari dogo likapata pancha nyuma kidogo. Kubadilisha tairi hakukuchukua muda. Lakini lilipofika ukingoni, korongo lilikuwa limejaa.

Juu yetu hakukuwa na wingu. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani, mbali, na wasiojua Dodoma hapa ndipo wanaponaswa. Mvua yetu ni chache lakini huja kwa kishindo, kati ya Desemba na Aprili, inaanguka kwenye ardhi ngumu isiyoinywa, maji yote yanaserereka juu juu hadi kwenye makorongo. Dakika chache tu na mahali palipokuwa na mbuzi pana maji ya udongo yanayobeba matawi na mapipa. Wifi yangu alisimama ng'ambo ameshika lile begi kifuani. Tulikuwa tunaonana vizuri kabisa, hatua thelathini hivi, lakini sauti haifiki kwa mngurumo. Mtandao hakuna.

Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kuvuka. Mzee wa pale akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, tulia." Akachukua kijiti, akakichomeka pale maji yalipoishia, akakaa chini. Kila baada ya muda alikuwa anakitazama kijiti kile: maji yakikiacha, yanashuka, yakikifunika, yanapanda. Yaliendelea kukifunika hadi jua likazama.

Mwenye selimundu hatakiwi kukaukiwa maji, kuchoka sana wala kupigwa na baridi. Mtoto wetu alikuwa amekimbia juani kutwa nzima, kwenye Noah kulikuwa na soda tu zimebaki, na upepo ukaanza. Saa moja usiku akaniambia, "Shangazi, miguu inauma." Baada ya hapo hakusema tena, alilia. Mama mmoja wa kijiji kile akatuletea maji yaliyochemshwa kwenye birika na kanga mbili nzito, akamkandakanda miguu kana kwamba ni wa kwake. Maji yalipopungua, kaka yangu alivuka kwa miguu akishikana na wanaume wawili, begi limefungwa kichwani. Mtoto alilazwa, akawekewa maji, akapona. Nimewaona wengine ambao hawakuwahi.

Kwa hiyo: kila gari lijitosheleze. Lina maji yake, chakula chake, tochi, tairi la akiba lenye upepo, na mtu mzima anayejua tatizo la kila mtoto aliyemo. Mwenye pumu, pampu yake iko mfukoni mwake au kwa anayekaa naye kiti kimoja, si kwenye buti. Mwenye kifafa, vivyo hivyo. Watoto wakililia kuhama gari, waache walie. Na ikiwa ni msimu wa mvua na njia yenu ina korongo, panga kurudi saa nane mchana, ukiwa na mwanga wa kutosha kusubiri. Mkikuta maji, subirini. Usipime kina kwa gari la mwenzako lililotangulia, wala usimruhusu dereva akuambie anaijua njia. Maji yanayofika magotini yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima.

Mengine ni ya kawaida. Mwachie mtu nyumbani jina la kijiji mnachokwenda na saa mnayotarajia kurudi. Namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto ziwe kichwani mwa mtoto yeyote anayejua kusoma, pamoja na namba ya mama. Jaza mafuta mjini. Uliza kabla ya kupiga picha za watu, na usipige picha kwenye ukuta wa bwawa wala karibu na kambi bila kuuliza askari. Takataka zenu rudini nazo. Wahesabu watoto kila mnapopanda gari, mmoja mmoja kwa jina, maana ukihesabu vichwa tu, mtoto wa jirani wa pale kijijini aliyepanda kutazama usukani naye anahesabika. Vaeni viatu vya kufunika vidole, miiba ya migunga inapenya ndala. Wakague nguo jioni kama kuna kupe, hasa waliokaa na ng'ombe. Na kesho yake asubuhi, kabla ya kufua, toa vitu mifukoni.