Somo: Kupinga pendekezo la maduka ya bangi kwenye kura ya mji wako (California)

Somo hili ni la walioko California ambao mji au kaunti yao inapeleka suala la bangi kwa wapiga kura. Majimbo mengine yana fomu na tarehe zake, kwa hiyo usinakili tu. Miji yenye katiba yake pia huwa na kanuni zake, karani wa mji atakwambia. Tarehe za mfano hapa ni za uchaguzi wa 3 Novemba 2026.

Tuanze na kosa linaloua kampeni nyingi: kupigana vita iliyokwisha. Proposition 64, pendekezo la kura la jimbo lililohalalisha bangi kwa watu wazima, ilipita tarehe 8 Novemba 2016 kwa takriban asilimia 57. Tangu hapo mtu wa miaka 21 na zaidi anaruhusiwa kuwa na gramu 28.5 za bangi na kuotesha miche sita kwake, na mji hauna mamlaka ya kumkataza kuiotesha ndani ya nyumba. Miji iliachiwa biashara: maduka, mashamba, viwanda, usambazaji. Ukisimama mlangoni kwa mtu ukahubiri kwamba bangi ni mbaya, atakuuliza, "Si tulishapiga kura?" na hapo umeshampoteza. Swali lako ni moja tu: je, sheria hii, kwa maneno yake haya, inaufaa mji huu?

Hatua ya 1: Soma sheria yenyewe, achana na swali

Swali linalochapwa kwenye karatasi ya kura haliruhusiwi kuzidi maneno 75. Sheria iliyo nyuma yake inaweza kuwa kurasa 40. Omba nakala kamili kwa karani wa mji, uisome ukiwa na kalamu mkononi.

La kwanza kabisa: hii ni ruhusa au ni kodi? Wengi huteleza hapa. Mara nyingi baraza la mji limesharuhusu maduka kwa sheria ndogo, na kinacholetwa kwenye kura ni kodi juu ya maduka hayo. Ukiiangusha kodi, hujafunga duka hata moja. Maduka yanabaki, mji unakosa mapato, na wewe uliyewaambia watu "pigeni Hapana tuwatoe" unabaki bila la kusema.

Pili, tazama kitenzi. Sheria ikiandika kwamba mji "shall issue" leseni, mji unalazimika kutoa kwa kila anayetimiza masharti. Ikiandika "may issue", mji una hiari. Neno hilo moja ni hoja ya kampeni nzima.

Tatu, umbali. Sheria ya jimbo inaweka futi 600, karibu mita 183, kutoka shule, vituo vya kulelea watoto na vituo vya vijana, lakini inauachia mji nafasi ya kuweka kipimo kingine. Kikiwa kimepunguzwa, chukua ramani, chora duara kwenye kila shule, uone viwanja gani vimefunguka. Ramani hiyo ina nguvu kuliko vipeperushi kumi vya maneno.

Nne, ni nani ataweza kuirekebisha? Pendekezo lililoletwa na wananchi kwa kukusanya saini, likipita, baraza haliwezi kulibadilisha bila kura nyingine ya wananchi, isipokuwa lenyewe limeruhusu. Kwa hiyo likiwa na kosa, mji utaishi nalo.

Hatua ya 2: Hoja ya kupinga ndani ya kijitabu cha wapiga kura

Fanya hili vizuri hata kama mengine yote yatakushinda. Kijitabu kinafika kwa kila mpiga kura, na anayelipa posta ni serikali.

Baraza linatakiwa kupeleka pendekezo siku 88 kabla ya uchaguzi. Kwa mfano wetu ni 7 Agosti 2026. Baada ya hapo karani hutangaza mwisho wa kupokea hoja, na dirisha hilo ni fupi, pengine siku chache tu. Piga simu ofisini kwake mwezi Julai, usingoje tangazo.

Hoja isizidi maneno 300, watia sahihi wasizidi watano. Jibu la kuirudi hoja ya upande wa pili lina maneno 250. Hesabu ya maneno ina siri yake: jina la mahali ni neno moja, hata "City and County of San Francisco" lote zima. Tarehe iliyoandikwa kwa tarakimu ni neno moja, na anwani ya tovuti ni neno moja. Anayejua hili anaokoa maneno 15 au 20, yaani sentensi nzima.

Zikija hoja mbili za kupinga, karani anachapa moja, na chama cha wananchi kinatangulia mbele ya mtu binafsi. Kwa hiyo andikeni kwa jina la chama: umoja wa wazazi, wa majirani, wowote ulio halisi. Sahihi tano ziwe za watu tofauti. Mwalimu mstaafu, daktari, mwenye duka wa mtaani, mzazi na kiongozi wa dini wana uzito kuliko viongozi watano wa dini.

Ikishapokewa, hoja hukaa wazi siku 10, na mpiga kura yeyote anaweza kwenda mahakamani kuomba maneno ya uongo au ya kupotosha yaondolewe. Upande wa pili huwa na mawakili. Kila takwimu iwe na karatasi yake mkononi. Isiyo na karatasi, ifute mwenyewe kabla hujafutiwa.

Hatua ya 3: Kamati na fedha

Mkifikisha dola 2,000 za michango ndani ya mwaka, nyinyi ni kamati, mtake msitake. Mna siku 10 za kupeleka Fomu 410 kwa Katibu wa Jimbo, pamoja na ada ya dola 50. Mweka hazina lazima awepo kabla ya kupokea au kutumia senti. Atafutwe mtu mchoshi anayetunza risiti. Msemaji hodari mpelekeni jukwaani.

Fedha taslimu za dola 100 au zaidi kutoka kwa mtu mmoja ni marufuku. Kikapu kikizungushwa ukumbini na mtu akatia noti ya mia, irudisheni, mwombeni hundi. Kila aliyetoa dola 100 na zaidi aandikwe jina, anwani, kazi na mwajiri. Katika siku 90 za mwisho, mchango wa dola 1,000 au zaidi unaripotiwa ndani ya saa 24 kwa Fomu 497. Hapo ni rahisi kuchelewa, kwa sababu hundi imefika na mweka hazina amesema ataishughulikia baadaye.

Hatua ya 4: Kuwafikia watu

Kura za posta hutumwa kwa kila mpiga kura aliyejiandikisha siku 29 kabla. Kwetu ni 5 Oktoba. Anayepanga kampeni kali wiki ya mwisho anaongea na watu ambao bahasha zao zilishaondoka. Vipeperushi viwe mlangoni kati ya 3 na 10 Oktoba.

Mlangoni, lakini si ndani ya sanduku la barua. Sheria ya shirikisho inakataza kutia humo karatasi isiyo na stempu. Chomeka kwenye kitasa au weka chini ya zulia la mlangoni.

Bango linaloonekana kutoka barabara kuu ya jimbo lisizidi futi za mraba 32, lisiwekwe mapema kuliko siku 90 kabla, na liondolewe ndani ya siku 10 baada ya kura. Siku ya kura, kampeni yoyote ikae mbali futi 100 na kituo, na hiyo ni pamoja na fulana uliyovaa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Nina green card, sina uraia. Naweza kuchangia?*

Marahaba. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kuchangia. Asiye na uraia wala ukazi wa kudumu asitoe hata dola moja kwenye mapendekezo ya kura. Kupika chai na kubeba mabango kwa kujitolea hakuna shida. Lakini usijiandikishe kupiga kura na usisaini karatasi za kukusanya saini, hata mwenye karatasi akikwambia "haina neno". Asiye raia akipiga kura anaweza kufukuzwa nchini.

*Imamu wetu anaogopa kulisema jambo hili, eti msikiti utapoteza msamaha wa kodi. Kweli?*

Hofu hiyo inahusu wagombea. Pendekezo si mgombea. Msikiti na kanisa vinaruhusiwa kulipinga, mradi isiwe sehemu kubwa ya shughuli zao. Asitaje tu kwamba diwani fulani anaunga mkono "na wote mnajua la kufanya Novemba". Na pesa ikitoka kwenye mfuko wa msikiti, iandikwe kuwa mchango wa msikiti.

*Kupinga bangi ni kupiga "Hapana" siku zote?*

Hapana, ndugu yangu, na hapa kura hupotea. Kama mlikusanya saini kupinga sheria ambayo baraza limeshapitisha, swali linakuwa: sheria hii ibaki? "Ndiyo" inaibakisha, "Hapana" inaiondoa. Kama pendekezo lenyewe ni la kupiga marufuku maduka, mpinzani wa maduka anapiga "Ndiyo". Msichape bango hata moja kabla ya kulisoma swali lililopitishwa na kupewa herufi yake ya kulitambulisha kwenye karatasi ya kura.

*Mimi ni mwalimu wa shule ya umma. Naweza kuwatumia wazazi barua pepe?*

Kwa anwani yako ya nyumbani, na kwa orodha usiyoipata kazini, ndiyo. Kwa barua pepe ya shule, mashine ya fotokopi ya shule au saa za kazi, hapana. Mahakama ya Juu kabisa ya California ilishalisema mwaka 1976 katika kesi ya Stanson dhidi ya Mott: mali ya umma haifanyi kampeni.

*Tukishinda, bangi itaisha mtaani?*

Haitaisha, na msiwaahidi watu hivyo. Miche sita ya nyumbani inabaki. Tangu 1 Januari 2024 mji hauwezi hata kuzuia bangi ya matibabu isipelekwe kwa mgonjwa nyumbani kwake. Mtakachokuwa mmezuia ni duka lenye mlango na kibao, basi. Andikeni hivyo hivyo kwenye kipeperushi. Upande wa pili ukija kusema "marufuku haizuii kitu", mtakuwa mmeshalijibu.